Mageti ya Kielektroniki, Wakaguzi Mlangoni au Jukwaa Wazi: Stesheni Yenye Msongamano Ichague Nini?

Treni ya mjini inapoingia stesheni saa moja asubuhi siku ya Jumatatu, ikiwa imejaa hadi milangoni, mtu aliyesimama mwisho wa jukwaa huona jambo ambalo michoro ya wahandisi hailionyeshi vizuri: watu huingia stesheni kwa matone lakini hutoka kwa mafuriko. Wanaokwenda kupanda wamefika mmoja mmoja kwa muda wa robo saa. Wanaoshuka wote wanataka kutoka ndani ya dakika moja, na wote wamechelewa kazini. Swali la jinsi ya kukagua tiketi linaanzia hapo, kwenye dakika hiyo moja.

Si swali la Ulaya peke yake tena. Dar es Salaam ilipata treni zake za mjini Oktoba 2012, zile ambazo watu walizibandika jina la treni ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Juni 2024 treni za reli ya kisasa zikaanza kwenda Morogoro, na mwezi uliofuata zikafika Dodoma. Wakazi wa Kigamboni nao wamekwisha kuzoea kugusisha kadi kwenye geti kabla ya kupanda kivuko. Kwa hiyo msimamizi wa stesheni, diwani anayepitia bajeti, au abiria anayetaka kuuliza swali la maana kwenye mkutano wa wadau, ana njia tatu za kuchagua: wakaguzi wanaosimama mlangoni, mageti ya kielektroniki yanayojifungua, au jukwaa lililo wazi ambalo tiketi hukaguliwa ndani ya behewa kwa kushtukiza.

Msimamo wangu niuseme mapema ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea. Sijaona njia inayoondoa foleni wala inayoondoa makosa. Kila njia huihamishia foleni mahali pengine, na humtwisha mtu mwingine mzigo wa kosa. Anayechagua kati ya njia hizi anaamua mambo hayo mawili, hata kama karatasi ya zabuni inazungumzia chuma na kompyuta tu.

Vigezo vya kupimia

Tutatumia vigezo sita, na kila njia itapimwa kwa vyote. Cha kwanza ni kasi, yaani watu wangapi wanapita kwa dakika kwenye upenyo mwembamba kuliko yote, wakati mbaya kuliko wote. Cha pili ni uvujaji wa nauli: wanaopanda bure, na fedha zinazolipwa zisifike zinakotakiwa. Cha tatu ni gharama za kujenga pamoja na zile za kuendesha, ambazo mara nyingi husahaulika kwa sababu hazina sherehe ya kukata utepe. Cha nne ni dharura, kama moto, moshi au umeme kukatika. Cha tano ni abiria ambaye mchoraji wa ramani hakumfikiria: mwenye gunia, mwenye mtoto mgongoni, mwenye kiti cha magurudumu, mzee asiyetumia simu ya kisasa. Cha sita ni kosa linapotokea, nani analibeba na nani anamsikiliza.

Ili hesabu za kasi ziweze kulinganishwa, nitatumia mfano mmoja katika njia zote: treni inayoshusha watu 900 kwenye stesheni moja ya mwisho.

Wakaguzi mlangoni

Hii ndiyo njia kongwe, na ndiyo tunayoijua zaidi. Mtu mwenye sare amesimama kwenye upenyo, unamwonyesha tiketi, anaichana au anaiskani, unapita.

Kasi. Mkaguzi anayetupia jicho tu tumkadirie kupitisha watu 30 kwa dakika. Akilazimika kuchana karatasi, au kuelekeza kifaa cha mkononi kwenye msimbo wa QR ulio kwenye karatasi iliyokunjamana kwa jasho, tumkadirie 15. Wakaguzi wawili wanaochana, mbele ya watu wetu 900, watahitaji nusu saa kamili. Hiyo ndiyo sababu stesheni nyingi zenye utaratibu huu hukagua wakati wa kuingia peke yake na kuacha njia ya kutokea wazi. Mazoea huongeza kasi, lakini yana bei yake. Mjini Tokyo, kabla mageti hayajaenea miaka ya 1990, wakaguzi walisimama kwenye vibanda vyembamba wakiwa na koleo la kutobolea tiketi, nao waliliminya mfululizo hata pasipokuwa na tiketi mbele yao, ili mkono usipoteze mdundo. Ni kazi ya ustadi, na ni kazi inayochosha.

Uvujaji wa nauli. Hapa binadamu ana sifa ambayo mashine haina: anatazama uso. Mtu mzima mwenye ndevu aliyeshika tiketi ya mwanafunzi hapiti mbele ya mkaguzi aliye makini. Lakini mkaguzi huyo huyo ana majirani, ana njaa ifikapo saa saba mchana, na ana kiganja ambacho noti iliyokunjwa inaweza kuingia bila ya mtu wa tatu kuona. Tena, pasipo kifaa cha kuhesabu, jioni hakuna anayejua kwa hakika wangapi walipita; kuna vishina vya tiketi na kuna maneno.

Gharama. Kuanza ni rahisi: meza, kivuli, sare na mafunzo. Kinachokula fedha ni mishahara ya zamu mbili kila siku kwa kila mlango, mwaka hadi mwaka. Hata hivyo naonya dhidi ya kunakili hesabu za London au Singapore, ambako mshahara wa mkaguzi ni mkubwa na fundi wa mageti yuko jirani. Kwetu uwiano mara nyingi umegeuka: mshahara ni wa shilingi, na kipuri kinaagizwa kwa dola.

Dharura. Mkaguzi anaona moshi, anasikia kelele, anafungua mnyororo na kusogea pembeni. Hakuna anayesubiri mtandao. Sharti ni kwamba awe amefundishwa na asiwe wa kwanza kukimbia.

Abiria wenye mizigo na mahitaji. Hapa njia hii iko vizuri. Kwa treni za safari ndefu tunazo desturi ambazo geti halizielewi: msafiri mmoja husindikizwa na watu watatu, na wawili kati yao wamebeba mizigo yake. Mkaguzi hufahamu, humruhusu kijana aingize sanduku na kurudi.

Kosa linapotokea. Linasikilizwa papo hapo. Tiketi ya kesho iliyoandikwa tarehe ya leo, jina lililokosewa herufi, mtoto aliyezidi umri kwa mwezi mmoja: yote hayo yanaamuliwa na mtu kwa akili yake. Huruma na upendeleo hutoka kwenye chungu kimoja, kwa hiyo anayependa njia hii lazima akubali kuwa na msimamizi anayezunguka.

Inawafaa: stesheni za safari ndefu zenye viti vya namba, stesheni zenye treni chache kwa siku, na mahali ambapo abiria wengi wana mizigo mikubwa.

Mageti ya kielektroniki

Mwaka 1967 kampuni ya reli ya Hankyu ilifungua stesheni ya Kita-Senri, nje kidogo ya Osaka, ikiwa na mageti yaliyosoma tiketi yenyewe, na hiyo huhesabiwa kuwa stesheni ya kwanza kutumia mfumo huo kwa ukamilifu. London ilianza na mageti kwenye njia ya Victoria mwaka 1968, ikayaeneza mjini kati miaka ya 1980. Afrika haikuchelewa sana: metro ya Cairo, ya kwanza barani, ilifunguliwa 1987, na abiria wake wakawa wanatumbukiza kitiketi kidogo cha karatasi kwenye mashine. Gautrain ya Afrika Kusini ilianza Juni 2010 kwa kadi ya kugusisha, kuingia na kutoka.

Kasi. Hapa ndipo watu hudanganyika kwa urahisi, kwa sababu neno geti linafunika mashine za aina mbalimbali. Kuna lile la mikono mitatu ya chuma inayozunguka, ambalo ni rahisi na gumu kuharibika lakini humsimamisha kila mtu. Kuna lile la mabawa mawili linalokaa limefungwa hadi kadi ikubaliwe, kama ya London, ambalo wapangaji wa huko hulikadiria watu takriban 25 kwa dakika. Halafu kuna la Kijapani, ambalo kwa kawaida hukaa wazi, na hujifunga tu pale tiketi inapokataliwa. Abiria hakatishi hatua. Kadi husomwa kwa sehemu 2 za kumi za sekunde wakati mwili bado unasogea, na geti la namna hiyo linaweza kupitisha watu hadi 60 kwa dakika.

Turudi kwa watu wetu 900. Mageti 6 ya watu 25 hupitisha 150 kwa dakika, kwa hiyo jukwaa litakuwa tupu baada ya dakika 6. Kama treni inayofuata iko nyuma kwa dakika 5, ya pili itashusha watu juu ya mabaki ya ya kwanza, na baada ya treni tatu utakuwa na hatari ambayo haikuwepo kabla hujafunga mageti. Mageti 6 ya watu 60 yatamaliza kazi hiyo kwa dakika 2 na nusu. Idadi ni ile ile na nafasi sakafuni inakaribiana, lakini tokeo liko mbali kabisa. Kisha ondoa geti moja, kwa kuwa siku zote kuna moja lililofunikwa gunia likisubiri fundi, na uhesabu upya.

Kinachosomwa nacho kina uzito wake. Kadi ya kugusisha ni ya haraka, lakini lazima mtu aipate, ailipie na aiongezee salio. Msimbo wa QR kwenye simu hauhitaji kadi, na mtu aliyelipa kwa simu anaupata hapo hapo. Lakini getini simu imezima mwanga, kioo kimepasuka, ujumbe umefukiwa chini ya jumbe nyingine ishirini, na walio nyuma wanaguna. Siku moja, kwenye geti la usafiri wa umma ambalo sitalitaja, nilisimama nyuma ya mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya dagaa kichwani. Kadi yake ilikuwa na salio na taa iliwaka kijani. Alishusha ndoo ili apite, mkono wa chuma ukazunguka nusu ukakwama kwenye ndoo, mashine ikahesabu kwamba amekwisha kupita. Mlinzi aliinyanyua ndoo juu ya geti, mama akapita kwa kujipinda, na mimi niliyekuwa nikitazama saa nilihesabu sekunde 41. Kosa halikuwa lake wala la mlinzi. Aliyechagua geti hilo hakuwahi kumfikiria abiria mwenye ndoo.

Uvujaji wa nauli. Geti halipokei noti ya kiganjani, na hilo ni jambo kubwa. Pia linahesabu: kila robo saa unajua wangapi waliingia na wangapi walitoka, taarifa ambazo mpangaji wa ratiba angezilipia. Lakini wapo wanaopita wawili kwa kadi moja kwa kubanana mgongoni, na wapo wenye kadi ya nusu nauli ya mtu mwingine. London ilitafuta dawa ya hao wa pili kwa kuwasha taa maalumu kadi ya punguzo inapogusishwa, taa ambayo ina maana pale tu panapokuwa na mtu wa kuiangalia. Kubwa kuliko yote ni uzio. Stesheni ambayo watu huvuka reli kwa miguu, wakatokea nyuma ya karakana au kupitia sokoni, ikifungiwa mageti kwenye mlango wa mbele itakuwa imewanyanyasa waaminifu tu. Wenye kukwepa walikuwa hawapiti hapo tangu mwanzo.

Gharama. Bei ya geti lenyewe ni sehemu ndogo ya bili. Ongeza uzio, nyaya, kompyuta za nyuma ya pazia, utengenezaji wa kadi, mawakala wa kuongeza salio, betri za akiba, mkataba wa matengenezo na vipuri. Tena usiwafute wakaguzi wote kwenye orodha ya mishahara, maana kila safu ya mageti inahitaji angalau mtu mmoja wa kusaidia waliokwama. Akiba huonekana pale mtu mmoja anaposimamia mageti manane badala ya upenyo mmoja.

Dharura. Tarehe 18 Novemba 1987 moto ulioanzia chini ya ngazi za umeme uliua watu 31 kwenye stesheni ya King's Cross, London. Tangu hapo hakuna mhandisi wa stesheni anayeweza kuzungumzia msongamano chini ya ardhi bila ya kuulizwa watu watatokaje. Masharti ya kudai katika zabuni ni matatu na hayana mjadala: umeme ukikatika mageti yajifungue yenyewe, pawe na kitufe kimoja cha kuyafungua yote kwa pamoja, na mageti yasifungwe wakati wowote ambapo hakuna mfanyakazi karibu. Anayekuambia kwamba mfumo wake hauhitaji mtu, muulize tena.

Abiria wenye mizigo na mahitaji. Kila safu iwe na geti pana angalau moja, la kiti cha magurudumu, toroli na gunia. Kwetu ningeweka mawili, moja kila upande, kwa sababu abiria wenye mizigo si wachache wanaojitokeza mara moja moja. Ndio soko lenyewe. Wasindikizaji nao watabaki nje, isipokuwa pawe na utaratibu wa tiketi ya jukwaa, yaani ya kuingia jukwaani bila ya kusafiri.

Kosa linapotokea. Hapa ndipo mageti yana ubaridi. Mashine hukataa bila ya kueleza, mbele za watu, na aibu huwa ya abiria hata kama kosa ni la mtandao. Pale ambapo nauli huhesabiwa kwa umbali, aliyesahau kugusisha kadi wakati wa kutoka huweza kukatwa kiwango cha juu, kama ilivyo London, kisha yeye ndiye anayetakiwa kufuatilia marejesho. Kwa maneno mengine, mzigo wa kosa umehamishwa kutoka kwa shirika hadi kwa abiria. Dirisha la malalamiko lenye mtu ndani yake, karibu na mageti, hupunguza ubaridi huo kuliko namba ya simu iliyobandikwa ukutani.

Inawafaa: stesheni za mjini zenye uzio kamili, treni zinazofuatana kwa dakika chache, abiria wale wale kila siku, na nauli inayotofautiana kwa umbali.

Jukwaa wazi na ukaguzi wa kushtukiza

Mgeni anayeshuka kwenye treni ya chini ya ardhi ya Berlin au Vienna hushangaa: hakuna geti, hakuna mkaguzi mlangoni, unatembea kutoka barabarani hadi ndani ya behewa. Tiketi unatakiwa kuwa nayo. Mara moja moja watu wawili waliovaa nguo za kawaida husimama katikati ya behewa na kusema: tiketi tafadhali.

Kasi. Haina mpinzani. Watu wetu 900 huzuiwa na upana wa ngazi na milango ya jengo peke yake. Foleni imehamia kwenye mashine za kuuzia tiketi, na hujitokeza zaidi mwanzo wa mwezi.

Uvujaji wa nauli. Hapa panataka hesabu kidogo. Chukulia nauli ni shilingi 1,000 na faini ni shilingi 20,000. Mtu asiyelipa akikamatwa mara moja katika safari 40 atakuwa amelipa 20,000 badala ya 40,000, na amepata faida. Akikamatwa mara moja katika safari 10, amepata hasara. Kwa hiyo mfumo huu unategemea namba mbili, ukubwa wa faini na wingi wa ukaguzi, na moja ikilegea nyingine haitoshi. Ujerumani faini ni euro 60. Lakini namba hizo zina maana pale tu mkaguzi anapoweza kupita ndani ya behewa. Kwenye treni ya saa kumi na moja jioni ambayo watu wamebanana hadi mkono haushuki, hakuna ukaguzi unaofanyika, na saa hiyo ndiyo yenye abiria wengi kuliko zote.

Gharama. Kujenga ni nafuu kuliko mageti, na vipuri ni vichache. Gharama iko kwenye kikosi cha wakaguzi, na kwenye mambo yasiyoonekana: sheria inayompa mkaguzi mamlaka ya kutoza, namna ya kumtambua asiye na kitambulisho, na mahakama ya kupeleka kesi ndogo ndogo. Nchi isiyo na mnyororo huo itakuwa na wakaguzi wanaopiga kelele na faini zisizolipwa, au zinazomalizwa kwa kuelewana pembeni.

Dharura na abiria wenye mahitaji. Katika vigezo hivi viwili jukwaa wazi linashinda bila ya jasho, na sina haja ya kurefusha: hakuna kizuizi cha kufungua, na hakuna ndoo inayokwama.

Kosa linapotokea. Uwazi huo una upande mwingine mkali. Mgeni aliyenunua tiketi halali Berlin lakini hakujua kwamba lazima aitie mhuri kwenye kisanduku kidogo kabla ya kupanda, huhesabiwa kama asiye na tiketi. Kusafiri bila nauli ni kosa la jinai Ujerumani, na wapo wasioweza kulipa faini ya mahakama wanaoishia kifungoni kwa ajili ya safari ya gharama ndogo. Wahanga wakubwa wa mfumo huu ni mgeni na maskini. Geti lingemzuia mtu huyo mlangoni kwa aibu ya dakika moja. Jukwaa wazi linamwacha apite, kisha linamfuata na barua.

Inawafaa: mitandao yenye stesheni nyingi ndogo zisizo na uzio, abiria wengi wenye tiketi za mwezi, na nchi ambayo faini hukusanywa kwa sheria inayofanya kazi.

Njia ya katikati

Si lazima mji mzima uwe na utaratibu mmoja. Treni nyepesi za Docklands, mashariki mwa London, zilifunguliwa 1987, na hadi leo stesheni zake nyingi hazina mageti. Abiria hugusisha kadi ile ile ya mjini kwenye nguzo fupi iliyosimama jukwaani, kisha wakaguzi hupita ndani. Uholanzi nayo ina mageti kwenye stesheni kubwa na nguzo tupu kwenye ndogo. Faida yake ni kwamba kadi ni moja na hesabu ya umbali ni moja, huku chuma kikiwekwa pale tu panapokilipia. Hasara yake ni kusahau: nguzo haimzuii mtu, kwa hiyo mwenye haraka hupita bila ya kugusisha na hukatwa zaidi ya alichotumia.

Kwa hali yako

Kama unasimamia stesheni ya mwisho ya treni za mjini, eneo lina uzio, na treni hufuatana chini ya dakika 10, mageti yana nafasi nzuri. Anza na hesabu ya kutoka, si ya kuingia. Simama jukwaani siku tano za kazi ukiwa na saa mkononi, pima dakika zinazopita tangu milango ya treni ifunguke hadi mtu wa mwisho atoke, kisha mpe muuzaji wa mageti namba hiyo na umtake athibitishe, kwa majaribio mbele yako, kwamba haitaongezeka. Ajaribu na watu wenye mizigo halisi.

Kama nauli yako ni moja kwa safari yoyote, usiweke mageti ya kutokea. Kinachotakiwa ni kukagua kuingia tu, na njia ya kutokea ibaki wazi kwa upande mmoja. Nauli ya umbali ndiyo inayolazimisha kusoma kadi mara mbili, na mamlaka ikipanga kuhama kutoka moja kwenda nyingine, kama Cairo ilivyofanya mwaka 2018, hesabu ya mageti ifanywe upya kabla ya siku hiyo.

Kama stesheni yako ni ya safari ndefu, tiketi ina jina na namba ya kiti, na abiria wametakiwa kufika mapema, mashine za kujifungua zitakuongezea kidogo sana. Abiria wanaingia taratibu, na uhakiki wa jina unahitaji macho. Wape wakaguzi vifaa vizuri vya kuskani vinavyofanya kazi hata mtandao ukiwa chini, na uongeze upenyo wa pili siku za sikukuu.

Kama stesheni haina uzio na wakazi hukatiza juu ya reli, weka mezani bajeti ya uzio na daraja la waenda kwa miguu kwanza. Ikiwa fedha hizo hazipo, nguzo za kugusisha pamoja na wakaguzi ndani ya treni zitakupa mapato zaidi kuliko mageti, alimradi unaongeza mabehewa hadi mkaguzi apate pa kupita.

Kama umeme na mtandao wa eneo lako si wa kutegemewa, uliza geti litafanya nini kwa saa mbili zisizo na mawasiliano. Linalojifungua na kuruhusu wote litakupotezea nauli za saa hizo. Linalokataa wote litakujazia jukwaa. Linaloweza kusoma salio lililohifadhiwa ndani ya kadi yenyewe litaendelea na kazi, na ndilo la kuulizia bei.

Na kama bado hujaamua huku bajeti ya mwaka inafungwa, nunua kwa hatua. Mwaka wa kwanza uzio na kadi. Wa pili nguzo za kugusisha kwenye stesheni zote, na kikosi kidogo cha wakaguzi. Mwaka wa tatu, ukiwa na takwimu za nguzo hizo mkononi, mageti kwenye ile stesheni moja au mbili ambazo takwimu zimeonyesha uvujaji mkubwa. Kabla ya kusaini, mwalike mama mmoja mwenye ndoo apite kwenye geti la majaribio.